Uzoefu wangu na Nikon F80, kamera ya filamu isiyo na jina mjini

Vijana wanaorudi kwenye filamu siku hizi wanakimbilia zile kamera za zamani za kufokasi kwa mkono: Canon AE-1, Pentax K1000, Nikon FM2. Siwalaumu, zinapendeza shingoni. Ila bei zimepaa, na ukishainunua bado unazungusha lenzi kwa mkono huku mtoto unayempiga picha ameshahama. Mimi nilitaka filamu, sikutaka tabu ya ziada. Nikamwagiza dada yangu aliyeko Hamburg anitafutie Nikon F80 ya mtumba. Ikaja Dar ndani ya sanduku lake la nguo, pamoja na lenzi ya AF 50mm f/1.8D, kwa pesa ambayo isingenunua hata mwili mtupu wa FM2.

F80 ilitoka mwaka 2000, na Marekani iliuzwa kwa jina la N80. Ni ya kizazi cha mwisho kabisa: Januari 2006 Nikon ilitangaza kuachana na karibu kamera zake zote za filamu, ikabakiza F6 na FM10. Kwa hiyo unachokishika ni kamera iliyotengenezwa na watu walioshajua karibu kila kitu kuhusu kupima mwanga na kufokasi, kabla dijitali haijawapokonya kazi. Mwili huohuo ndio uliojengewa kamera za dijitali za mwanzo kama Fujifilm FinePix S2 Pro. Aliyewahi kutumia Nikon ya dijitali hahitaji kufundishwa F80. Gurudumu moja liko kwenye kidole gumba, jingine mbele kwenye kidole cha shahada, na kitufe cha shata kiko palepale.

Kuiandaa kunaanza na betri, na hapo ndipo wengi wa huku watakwama. Inatumia CR123A mbili, za lithiamu, volti 3 kila moja, na bila betri haifanyi chochote. Maduka mengi ya kamera niliyoulizia waliniangalia tu. Nilizipata kwa fundi wa vifaa vya ulinzi, kwa sababu ving'ora visivyo na waya na baadhi ya tochi kubwa hutumia betri hizohizo. Usishawishike na zile za kuchaji zenye umbo moja nazo. Nyingi zina volti zaidi ya 3 na unaweza kuunguza kamera kwa kubana shilingi elfu chache. Jambo jingine: ukitoa betri, dirisha la kutazamia linafifia kama kioo chenye ukungu. Haijaharibika. Ndani mle kuna kioo cha elektroniki kinachochora alama za fokasi, na kikikosa umeme kinapoteza uangavu.

Halafu lenzi. Lenzi za D kama hii yangu zina pete ya kuongezea na kupunguzia tundu la kupitishia mwanga, na kwenye kamera hii pete hiyo huigusi. Unaizungusha hadi f/22, ile namba ya rangi ya chungwa, kisha unaibana na kaswichi kadogo kaliko pembeni. Bila hivyo kamera inaandika fEE, inapepesa, na shata haishuki. Nadhani F80 nyingi zinazouzwa kwa maelezo ya "haifanyi kazi" zina ugonjwa huu tu. Tundu lenyewe unalibadilisha kwa gurudumu la mbele. Lenzi za G zisizo na pete hazina habari hiyo, unafunga na kuendelea. Lenzi za zamani za AI za kufokasi kwa mkono zinaingia pia, ila kipimo cha mwanga kinazimika na unabaki na M peke yake, yaani unajiwekea tundu na kasi ya shata mwenyewe. Mwenye kabati la lenzi hizo aangalie F100.

Kuweka filamu ni raha. Unafungua mlango wa nyuma, unalaza kopo, unavuta ulimi wa filamu hadi alama nyekundu, unafunga. Kamera inajivutia yenyewe hadi picha ya kwanza, na kama haikushika, herufi E inapepesa juu. Vile viraka vya fedha na vyeusi kwenye kopo ndivyo msimbo wa DX: kamera inavisoma na kujua kwamba hii ni ISO 200 au 400, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga. Anayejikatia filamu kutoka kwenye roli kubwa na kuiweka kwenye makopo matupu ataweka ISO kwa mkono.

Kabla ya picha ya kwanza, rekebisha kile kitelezi kilicho kando ya dirisha mpaka uone maandishi vizuri. Wenye miwani mnanielewa. Pia kwenye mipangilio washa mistari ya gridi. Inachorwa juu ya picha ndani ya dirisha, myembamba, na kwa tunaopiga sana baharini inatuokoa na ile aibu ya bahari inayomwagika upande mmoja.

Sasa fokasi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nichague kamera hii. Kuna sehemu tano za kulenga: katikati, juu, chini, kushoto, kulia. Mbele karibu na lenzi kuna swichi ya C, S na M. Kwenye S, unabonyeza shata nusu, inalenga, inatulia, na haitapiga mpaka iridhike. Kwenye C inaendelea kufuatilia na itapiga hata kama haijapata. M ni ya kufokasi kwa mkono. Mimi naishi kwenye S na sehemu ya katikati: nalenga jicho, nashikilia nusu, nahamisha fremu, napiga. Mchana wa kawaida inafokasi haraka kuliko ninavyoweza kufikiri. Pale Soko la Samaki la Feri asubuhi, mnada umepamba moto, mtu anapita na ndoo kichwani, mwingine anarusha jodari mezani. Kwa kamera ya mkono ningerudi na mikia mitupu. Kwa F80 nusu ya roli inatumika.

Palepale Feri mama mmoja anayekaanga samaki alinikubalia picha, nikampiga, naye akafuta mikono kwenye kanga akanyoosha mkono.

"Haya, nionyeshe."

Nikageuza kamera. Nyuma ni mlango mweusi tu na kidirisha kidogo unachosomea jina la filamu.

"Hii haina kioo, mama. Mpaka nikaisafishe."

"Basi ukishasafisha nirushie. Usije ukanikimbia na sura yangu."

Nilimrushia wiki iliyofuata. Mtu akikubali kupigwa na kamera ambayo haiwezi kumwonyesha kitu, deni hilo ulilipe.

Inaposhindwa, inashindwa kwa namna ya kujirudia, na ukizijua tabia zake unaishi nayo. Haipendi kitu kisicho na mstari wala tofauti ya mwanga. Mwambie ilenge baibui jeusi kwenye kivuli, lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma, krii, krii, kisha itakata tamaa. Dawa ni kulenga ukingo: pindo la mtandio usoni, pete kidoleni, mkanda wa mkoba, mradi viwe umbali uleule. Usiku ina taa ndogo mbele ya kuisaidia kulenga kitu kilicho karibu, lakini taa hiyo inawapiga watu usoni na wanageuka wote.

Na kelele jamani. Lenzi nyingi za D hazina mota. Mota iko ndani ya kamera na inaizungusha lenzi kwa kijiti kama bisibisi, kwa hiyo unaisikia. Nilialikwa kupiga picha kwenye akdi ya nikaha ya binti wa jirani. Roli ikaisha katikati ya hotuba ya shekhe, na F80 roli ikiisha inaanza kuirudisha yenyewe bila kuuliza. Zzzzz, kwa sekunde nyingi mno, msikiti mzima kimya. Mzee mmoja wa mbele aligeuka akanitazama kwa huruma zaidi kuliko hasira. Tangu hapo sehemu za namna hiyo natazama kihesabio, na ikikaribia 36 natoka nje.

Kupima mwanga ndiko kulikonishangaza zaidi. Kipimo chake kinagawa fremu katika sehemu 10, na pamoja na lenzi ya D kinajua hata umbali wa unachokilenga. Mwanga wa kawaida naiacha kwenye A, mimi nachagua tundu nayo inachagua kasi ya shata, na siifikirii tena. Penye kanzu nyeupe nyingi au mchanga wa saa saba mchana, kamera huona weupe mwingi na kubana mwanga, nyuso zetu zikaingia gizani. Hapo naongeza hatua moja. Filamu ya negativu, hasa ya rangi, inavumilia mwanga uliozidi, uliopungua haiusamehe. Shata inafika 1/4000, na hiyo pwani ina maana: unaweza kufungua tundu hadi karibu f/4 kwenye jua kali la mchana na filamu ya ISO 200. Flashi yake ndogo inakwenda hadi 1/125 tu, hivyo kujaza kivuli mchana kweupe kunakulazimu ufunge tundu.

Filamu zenyewe naletewa. Kila anayezibeba namwomba aziweke kwenye mfuko mwepesi na aombe zikaguliwe kwa mkono uwanja wa ndege, kwa sababu zile mashine mpya za CT zinaiharibu filamu ambayo haijasafishwa. Zikifika zinakaa kwenye friji, na naitoa moja mapema ipate joto la chumba kabla ya kufungua kopo la plastiki, la sivyo unyevu wa Dar unaganda juu yake. Nyeusi na nyeupe, mara nyingi Ilford HP5 Plus, nasafisha mwenyewe jikoni kwa dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: dakika 13 kwa nyuzi 20. Shida maji ya bomba hapa hayajawahi kusikia habari za nyuzi 20, kwa hiyo beseni la barafu ni sehemu ya vifaa. Kumbuka pia kwamba F80 inameza ulimi wote wa filamu ndani ya kopo. Mimi nafungua kopo gizani kwa kifungulio cha soda.

Uzito wa mwili ni gramu 515 bila betri, na umejaa plastiki. Kuna watakaoidharau kwa hilo. Plastiki hiyo haijanisumbua. Kinachosumbua ni lile pako la mpira kwenye mlango wa nyuma na mshikio, ambalo kwa umri na joto linageuka gundi. Yangu ilifika inanata kiasi cha kushika nyuzi za shati. Kitambaa, aisopropili alkoholi na uvumilivu wa jioni nzima viliondoa pako lote, ikabaki plastiki laini inayong'aa kidogo. Nimeipenda zaidi hivyo.

Anayetaka kununua, amwombe muuzaji mambo machache kabla ya kutuma pesa: picha ya sehemu ya betri ili kuona kama kuna kutu, picha ya mapazia ya shata mlango ukiwa wazi, na video fupi ya mlango ukifungwa na kufunguliwa. Kishikizo cha mlango ni cha plastiki na kikivunjika mwanga unaingia, roli nzima inakwenda. Mnunuzi wa hapa pwani ampige lenzi tochi kutoka nyuma atafute ukungu, na siku hiyohiyo inapofika nyumbani aiweke kwenye boksi lenye kifuniko pamoja na vifuko vya silika. Mwili mtupu wa F80 bado unapatikana kwa bei ya viatu vizuri. Pesa iliyobaki inunue filamu.