Jarida la shule limetoka, mkuu yuko mara tatu

Tulichapisha jarida la shule duka moja hapo River Road, Nairobi, na kazi si mbaya, kava inang'aa, hata rangi ya sweta imetoka vile ilivyo. Shida ni ndani. Jamaa alisema kurasa lazima zigawanyike kwa 4 ndio stepo, zile pini za kushika kurasa, zikae katikati, sawa, sisi tulikuwa na 38, basi wakajaza mbili kwa kurudia picha ya mwalimu mkuu bila kutuuliza!! Sasa mzee yuko mara tatu na Form Four wote wamebanwa kwa picha moja, nyuso kama punje za mtama. Sheng kwa vichekesho ilikatwa na patroni, hiyo si makosa ya duka. Karatasi nzito lakini.