Uzoefu wangu na fundi wa fanicha za vifaa vya michezo vilivyochakaa

Nianze na meza maana ndiyo kila anayeingia kwangu anaiuliza. Ni nusu ya meza ya tebo tenisi, ile ya kijani yenye mistari myeupe, na fundi (yuko Kisauni, hapa Mombasa, ndani ndani huko, jina silitaji maana mengine ntakayosema hayatamfurahisha) ameigeuza meza ya kulia. Watu wanaona ni vituko tu lakini hebu shika futi upime, meza kamili ya tebo tenisi ni mita 2.74 kwa 1.525 na kwenda juu ni sentimita 76, sawa tu na meza ya kulia ya kawaida, kwa hivyo nusu moja ushapata ubao bapa tena mpana kuliko unavyohitaji. Yeye aliupunguza ukabaki kama sentimita 90, mistari akaiacha, na watoto wangu washagawana nchi, ukivuka mstari na sahani yako ni vita.

Ila sisi wa pwani tuna shida yetu. Nyingi za hizo meza za kuchezea ndani ubao wake ni chipbodi, yaani chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na chipbodi na unyevu wa Mombasa haziivi chungu kimoja, pale palipokatwa pakiachwa wazi panavimba kama mkate uliotiwa kwenye chai. Mwambie mapema azungushie ukingo wa mbao za kweli. Mie alinitilia mwembe akapiga na vanishi, masika imepita yote pembe ziko vilevile. Na skrubu usikubali zile za kawaida, hii hewa ya chumvi itazila na kutu ichirizike kwenye ubao, dai za stenlesi hata kama ni kuongeza pesa.

Stuli ndizo zilizotuletea maneno. Miguu ni fimbo za hoki za mbao, za zamani (hoki Mombasa imechezwa zama na zama, Mombasa Sports Club yenyewe ni ya 1896, kwa hivyo fimbo kuukuu hazikosi kwenye stoo za watu), ile sehemu iliyopinda ndiyo inakanyaga chini, kwa macho mashaallah. Kaa sasa. Inayumba! Namwambia fundi, ananijibu eti zitazoea. Zizoee nini jamani? Fimbo za aina hiyo mpini wake ni henzerani yenye mpira katikati, imefanywa hivyo makusudi ili mchezaji mkono usimuume akipiga mpira, yaani mpini umeumbwa ujikunje, halafu wewe unataka uubebeshe mtu mzima. Beti za kriketi ni hivyohivyo, mpini henzerani, na ule ubao wenyewe ni mti laini unaobonyea haraka, kwa hivyo akikwambia atakufanyia miguu ya kiti kwa beti kataa, labda mgongo wa kiti.

Baada ya kuvutana sana kwenye simu alizichukua, akakata mipini yote, stuli zikawa fupi za kawaida, akaunganisha miguu kwa vipande vya mwembe. Sasa hivi anakalia mjomba wangu ambaye si mtu mdogo, na hazitikisiki. Hakuniongezea bei, hilo nampa.

Shelfu, hapo sina neno kabisa. Ni bodi za kaiti, zile wanazosimamia baharini wakivutwa na tiara kubwa kwa upepo kule Nyali na Diani, zikishachubuka chini hakuna anayezitaka. Urefu ni kama mita 1.4 na upana sentimita 40 hivi, ndani mbao nyepesi nje faibaglasi, na raha yake ni kwamba zina matundu yenye nati tayari pale panapofungwa mikanda ya miguu, bolti za milimita 6 zinaingia bila kutoboa popote. Usikubali atoboe. Vumbi la faibaglasi linawasha mwili mzima na si zuri kifuani, tena tundu jipya ndio mlango wa maji. Yangu moja iko bafuni, mvuke kila siku na haijabadilika hata rangi.

Bei nlilipa 9,000 meza, stuli 2,500 kila moja, shelfu 3,000. Kwa meza na shelfu ntarudi tena, kwa stuli mpaka nizikalie palepale kwake kwanza. Tarehe anayokuahidi usiipangie wageni, na usimpe zaidi ya nusu kabla hujaona kazi, anapokea oda nyingi kuliko mikono yake. Usafiri ni juu yako, stuli zinaingia tuktuk, meza itataka mkokoteni au pikapu, na kama unakaa ghorofani pima ngazi kabla hajakata ubao.