Fundi laptop wa Sabasaba, Dodoma: anauliza kwanza ndo anashika bisibisi

Laptop yangu iligoma ghafla, ukiwasha feni inazunguka, taa inawaka, ila kioo cheusi tii. Fundi wa kwanza (simtaji) hata hakuifungua, akasema mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani) imekufa, leta 250,000. Nikasepa. Jamaa wa ofisini akanielekeza kwa huyu wa Sabasaba, kibanda kidogo tu, pa kukaa hamna, jua la saa nane lote lako. Ila sasa maswali yake! Ilianza lini, ilidondoka, nani aliifungua mara ya mwisho, huku anachomoa betri anabonyeza pawa kama sekunde 30 hivi, wapi. Akaniambia "kaka hii modeli sijawahi kuishika, twende nayo mdogo mdogo", moyoni nikasema imeisha hiyo. Akatoa ramu (vile vibao vidogo vya memori) zote mbili, akarudisha moja, giza, akaweka ile nyingine, ikawaka! Ile iliyogoma akaisugua vile vijino vyake vya dhahabu na ufutio wa penseli, akaichomeka, ikakubali, vumbi la Dodoma hilo jamani. 15,000 tu. Shida yake simu hapokei, na risiti mpaka umkumbushe.