Misimu mitatu na mashine ya kurusha theluji nyuma ya trekta: uzoefu wangu

Nimemaliza msimu wa tatu wa baridi nikiondoa theluji kwa mashine inayofungwa nyuma ya trekta, na sasa naweza kuisema kwa uhakika, nzuri yake na mbaya yake. Trekta langu ni dogo, la nguvu farasi 35. Mashine ina upana wa mita 1.5, inakaa kwenye mikono mitatu ya nyuma na inazungushwa na PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini, kwa mizunguko 540 kwa dakika. Kazi yake ni kufungua njia ndefu ya changarawe na uwanja wa mbele ya banda.

Kabla yake nilitumia bleidi, yaani bamba la chuma la kusukumia theluji. Bleidi inasukuma tu, na theluji inayosukumwa lazima ikae mahali. Ikifika katikati ya msimu kingo zimeganda kama ukuta, njia imebaki nyembamba, huna pa kusukumia tena. Mashine hii inaondoa kabisa tatizo hilo: parafujo ya chini, skrubu kubwa inayozunguka, inaikata theluji na kuivuta katikati, feni iliyo nyuma yake inaipokea na kuirusha kupitia bomba, mbali na njia. Mara ya kwanza nilipoona theluji ikiruka juu ya ua na kutua upande wa pili, nilijua bleidi nimeachana nayo.

Ila ina namna yake ya kuendeshwa. Tumezoea kwamba ukitaka kwenda polepole unapunguza mafuta. Hapa ukipunguza mafuta umeipunguza na feni, na feni ikilegea theluji haifiki juu ya bomba. Kwa hiyo injini iache ifike mizunguko inayotakiwa na PTO, halafu mwendo uupunguze kwa gia, ndogo kabisa uliyonayo. Theluji kavu haisumbui. Ile ya mvuamvua, nzito kama udongo wa mfinyanzi, ndiyo inayoziba bomba, na hapo huwa nachukua nusu tu ya upana wa mashine kila mkupuo. Kupaka nta au kupuliza silikoni ndani ya bomba kunasaidia kweli.

Sasa boliti. Parafujo imeshikwa kwenye shafti yake kwa boliti laini, iliyowekwa makusudi ikatike kitu kigumu kikinasa. Msimu wa kwanza nilipitia gogo la kuni lililofukiwa. Ilisikika "ta!" moja kavu, upande mmoja wa parafujo ukasimama na mwingine ukaendelea kuzunguka. Nikabadilisha boliti, dakika tano tu. Siku mbili baadaye ikakatika tena, na hapo nikafanya kosa ambalo bado linaniuma: nikaweka boliti ngumu, yenye namba 10.9 kichwani, nikiona nimemaliza usumbufu. Wiki hiyohiyo jiwe likanasa. Boliti ilishika imara, na kilichovunjika ni meno ya giaboksi. Nilipomwaga oili nikaisugua kati ya vidole, ilikuwa na chembe za chuma zinazometa. Mashine ilikaa chini hadi msimu ukakaribia kwisha, nami nikarudi kwenye koleo.

Nilipoifungua nikagundua jambo la pili. Upande mmoja parafujo ilikuwa imeshikana na shafti kwa kutu, kwa hiyo hata boliti laini ingekatika, parafujo isingeachia. Tangu hapo, mwanzoni mwa kila msimu natoa boliti, napiga grisi kwenye nipeli (kitundu cha kuingizia grisi), kisha naizungusha parafujo kwa mkono juu ya shafti mpaka grisi itokeze pembeni. Hili lifanyike injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Nakuomba usiliruke, hata kama mashine ni mpya.

Mfukoni nasema kwa sababu mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kila sekunde, na hakuna mkono unaowahi kuchomoka. Bomba likiziba: zima PTO, zima injini, chomoa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, kisha tumia fimbo. Hata hapo usitie mkono, maana feni iliyonaswa inaweza kuruka ghafla ikiachiwa. Kava la plastiki la shafti ya PTO likipasuka libadilishe kabla ya kuwasha tena, na skafu iache nyumbani, isije ikanaswa.

Kuna asubuhi feni huwa imeganda kwa barafu. Ukiwasha PTO tu, umekata boliti. Dawa yake ni ya jioni iliyopita: ukimaliza kazi, iache izunguke tupu dakika kadhaa imwage theluji yote. Asubuhi jaribu kuisogeza kwa fimbo kwanza, halafu washa PTO injini ikiwa chini na uongeze mafuta taratibu. Usiiinue mashine juu sana ikizunguka. Shafti ya PTO ikikaa kwa pembe kali, krosi zake, yaani viungo vyake vya kupindia, hugonga na kuchakaa.

Kwenye changarawe, viatu vya pembeni, vyuma ambavyo mashine huteleza juu yake, nimeviweka ili makali yakae kama sentimita 3 kutoka ardhini. Inaacha tabaka jembamba la theluji, nalo likiganda linafunika mawe. Kabla theluji haijaanza napigilia vijiti kando ya njia, maana baada ya hapo ukingo hauonekani. Dizeli tumia ya msimu wa baridi. Ya kawaida hutoa nta na kuziba filta.

Kinachonichosha ni kurudi nyuma. Kazi yote unaendesha kinyumenyume, shingo imegeuka, na upepo ukikosea upande theluji yote inakurudia usoni. Faida yake ni kwamba matairi hukanyaga palipokwisha safishwa. Mwenye shingo inayouma namshauri atafute ya kufunga mbele, japo kuifunga na kuifungua kuna kazi zaidi. Usisahau pia uzito wa mbele ya trekta: mashine ikiinuliwa, usukani unakuwa mwepesi mno.

Kwa njia fupi ya lami sioni haja yake. Kwa njia ndefu na theluji nyingi ningeichukua tena leo. Kwenye boksi la zana kuna boliti laini kumi na mbili, zile zile zinazotajwa kwenye kitabu cha mashine, spana mbili za saizi yake, na fimbo imefungwa kwa kamba nyuma ya kiti.