Baiskeli ya umeme ya kutembelea Mombasa: ipi ununue, ipi uiache

Saa kumi na moja jioni, jua likishalegea, Mombasa huonekana vizuri zaidi ukiwa juu ya baiskeli. Unaanzia Fort Jesus, unapita Ndia Kuu ndani ya Mji wa Kale ambako gari hupata taabu, unatokea Treasury Square, kisha unateremka Mama Ngina Drive hadi kwenye mibuyu. Hapo unanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, unakunywa dafu, na meli ya makontena inapita mbele yako ikielekea Kilindini. Kwa miguu jua linakumaliza. Kwa tuktuk husimami unapotaka. Kwa baiskeli ya kawaida unafika shati limelowa chepechepe. Mota ndogo inakuondolea hilo la jasho, na ndiyo sababu watu wengi wananiuliza wanunue ipi.

Dukani utaelezwa habari za wati: 250, 500, 750. Kwa mji huu usizisumbukie sana. Kisiwa ni tambarare, na mwinuko wa kuhesabika kwa mtembeaji ni Daraja la Nyali, ambao mota ya wati 250 inaupanda bila shida ukiisaidia kidogo kwa miguu. Kinachoua baiskeli hapa ni chumvi na joto.

Nililijua hilo kwa hasara. Baiskeli yangu ya kwanza nilikuwa nikiiweka kwenye roshani inayotazama bahari. Wiki ya pili cheni ilikuwa nyekundu. Miezi michache baadaye betri ikakataa kushika chaji, nami nikaibeba kwa fundi mmoja mzee huko Majengo. Alifungua tundu la chaja, akakwaruza ndani kwa ncha ya bisibisi, akanigeuzia nione: pini mbili zimeota ukungu wa kijani, ya tatu imelika nusu. Nikamwambia sijawahi kuiendesha kwenye mvua. "Mwanangu, hii si kazi ya mvua," akasema. "Hii imekuja na upepo." Tangu siku hiyo, kabla sijauliza mwendo wa baiskeli, nauliza imetengenezwa kwa chuma gani.

Ninayoiweka ya kwanza, na kwa mbali, ni baiskeli ya mjini yenye fremu ya chini: ile isiyo na bomba la juu, unayoipanda bila kurusha mguu. Wengine huidharau wakidhani ni ya akina mama tu. Lakini mji huu ni wa buibui, kanzu na kikoi, na fremu hiyo inamfaa kila mmoja wao. Hakikisha cheni imefunikwa yote, isije ikauma pindo la nguo. Chukua fremu ya alumini, mota ndani ya gurudumu la nyuma, tairi za upana wa sentimita 5 hivi za kuhimili mashimo, madigadi kamili, na skrubu pamoja na spoki za chuma kisichoshika kutu. Breki ziwe za diski za kuvutwa kwa waya. Za mafuta ni laini zaidi mkononi, sikatai, ila waya ukikatika jioni ya Jumapili utampata fundi wa kuubadilisha karibu na ulipo. Za mafuta zinahitaji vifaa ambavyo si kila fundi anavyo.

Ya pili ni kuifunga mota baiskeli uliyo nayo, na najua wauzaji hawatakwambia haya. Kama una baiskeli imara ya mitumba, unaweza kununua gurudumu lenye mota, betri na kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota), ukafungiwa na fundi anayeelewa umeme. Unalipa sehemu tu ya bei ya baiskeli mpya, na kila kipande unakijua kilipo siku kikiharibika. Sharti moja lisivunjwe: mota ya mbele isifungwe kwenye uma wa alumini, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Nguvu ya mota inausokota mhimili, na uma wa alumini unaweza kupasuka ghafla ukiwa mwendoni. Uma uwe wa chuma, na mhimili uwekewe kile kipande cha chuma cha kuuzuia usizunguke. Fundi akikwambia hakina haja, tafuta mwingine.

Betri ndiyo penye pesa, kwa hiyo hapa nenda polepole. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 13 ni wati-saa 468. Ukinyonga na mota ikikusaidia kwa wastani, hesabu wati-saa 12 kwa kilomita, yaani karibu kilomita 39. Upepo ukiwa usoni, au ukiiachia mota kazi yote, unaweza kula 20 kwa kilomita, na hiyo ni kilomita 23 tu. Mtu aliyekwenda Mtwapa asubuhi shwari, kilomita kama 15, halafu akarudi mchana wa kusi, ndiye utakayemwona akisukuma baiskeli kabla ya kufika nyumbani. Nunua betri ya mara mbili ya safari yako ya kawaida. Gharama ya kuijaza isikutishe: ni nusu yuniti ya stima na kidogo juu yake.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma. Ni nzito zaidi kwa uwezo uleule, lakini inavumilia joto na hudumu kwa chaji nyingi zaidi. Iwe yoyote, iwe ya kutoka kwenye fremu ili uingie nayo ndani. Usiiache juani, na usiichaji ikiwa bado ya moto, ngoja ipoe. Kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, iache nusu. Tafuta kwenye baiskeli alama ya kiwango cha usalama cha baiskeli za umeme, EN 15194 cha Ulaya au UL 2849 cha Marekani, na chaja iwe ileile iliyokuja na betri. Betri isiyo na jina wala karatasi, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, usiilaze ndani ya nyumba wanakolala watoto.

Ya tatu ni ya kukunjwa, yenye magurudumu ya inchi 20. Inamfaa anayeishi ghorofani bila lifti, au anayetaka kuitia kwenye buti ya gari. Lakini inyanyue mwenyewe kabla ya kulipa, maana nyingi zinafika kilo 20 na zaidi, na ngazi hazina huruma. Kagua bawaba ya katikati: ndiko kutu huanzia na ndiko fremu hulegea.

Yenye mota katikati, kwenye pedali, naiweka ya nne japo ni kazi nzuri ya ufundi. Kwa Taita ningeiweka ya kwanza. Hapa unalipia nguvu ya milima ambayo haipo, na nguvu yote inapita kwenye cheni, kitu ambacho chumvi inakila kwanza.

Ya mwisho ni ile ya tairi nene za inchi 4, inayowavutia vijana kwa sababu ya picha za kukimbia ufukweni. Inapita mchangani kweli. Lakini kila safari ya ufukweni inatia mchanga wenye chumvi ndani ya cheni, beringi na breki, na betri ikiisha unabaki na mzigo wa kilo 30. Ukitaka mchanga, egesha baiskeli juu, vua viatu, ushuke kwa miguu.

Ile isiyo na pedali kabisa sikuiweka hapa. Hiyo ni pikipiki, nayo inataka namba, leseni na bima.

Kwa jamaa walio Ulaya na Ghuba wanaotaka kuja na yao: fremu inaweza kupanda ndege, betri haitapanda. Ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na za baiskeli karibu zote zimepita hapo mara mbili au tatu. Leteni kwa meli, au mnunue betri huku, mkiwa mmeandika volti na aina ya plagi yake.

Ukishaifikisha nyumbani, weka kitambaa na ndoo ya maji yasiyo na chumvi karibu na mlango. Kila ukirudi, ifute fremu, kausha cheni, tia tone la mafuta, na upake grisi ya umeme kidogo kwenye pini za chaja mara moja kwa mwezi. Usiipeleke kuoshwa kwa mashine ya presha. Maji yale yanasukuma chumvi hadi ndani ya mota.