Masaji ya Bangkok na ishu ya hela ya soda, uzoefu wangu

Jamani mimi ni mtu wa mzigo, naenda Bangkok kufunga nguo pale soko la Pratunam, na wanaopajua wanajua ni kutembea tangu asubuhi mpaka miguu unaihisi kama ya kuazima. Siku ya pili jioni nikajitosa kwenye kiduka cha masaji kichochoroni karibu na hoteli, bati 300 (bati ndo hela ya Thailand) kwa saa.

Kwanza unaoshwa miguu kwenye beseni, unapewa suruali pana tungeweza kuingia wawili, halafu akaja mama mmoja mfupi, umri wa shangazi yangu, akanikanda kwa viwiko na magoti, kuna sehemu nilimwita Mungu kwa Kisambaa. Akacheka, akalegeza kidogo. Huduma safi sana.

Kosa nilifanya mimi wakati wa kutoka. Nikakusanya sarafu zote za chenji, kama bati 23 hivi, nikampa nikijiona bonge la mkarimu. Akakutanisha viganja kifuani akainamisha kichwa kama kawaida yao, ila zile sarafu akaziacha kwenye kisahani cha mezani, hakutia mfukoni. Dada wa mapokezi hotelini ndo akanifungua macho: ukimpa mtu visarafu ni kama umemwambia kazi yake hovyo, ukitoa toa noti, ile ya kijani ya 20 ndo ndogo kuliko zote lakini kwa saa nzima ya kukandwa 50 au 100 ndo inaeleweka. Tena wengi wao wanalipwa kwa kichwa, siku hakuna mteja hakuna hela. Nikaona aibu, mimi mfanyabiashara najua siku kavu ikoje.

Spa ya hotelini nayo muwe macho, ubaoni imeandikwa 1,500 na vijialama viwili vya kujumlisha, kumbe ni 10% ya huduma halafu 7% ya VAT juu yake, bili ikaja 1,765 na ushee. Pale sikuongeza hata senti. Bajaji pia siongezi, bei si tumeshagombana mwanzoni!

Kesho yake nikarudi kwa yule mama, nikamwekea noti nyekundu ya 100 mkononi, sio kwa keshia. Nikiwa nimeinama nafunga sandozi akaanza tena kunikanda mabega, bure, chai yangu inapoa.