Uzoefu wangu: nimelipiwa kutembezwa Dar, mji niliozaliwa

Nimezaliwa Temeke, nimesoma Ilala, na mwaka wa kumi huu nashukia Posta kila asubuhi kwenda kazini. Mdogo wangu aliponiambia tulipe 35,000 kila mmoja tukatembezwe Dar es Salaam, nilicheka. Nilipie kuonyeshwa mjini? Nilienda kwa sababu alikuwa ameshanilipia, na pesa ya mtu inauma.

Tulikuwa watu saba, pamoja na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, raba nyeupe miguuni, kanga mabegani. Tulianzia Boma la Kale, mkabala na bandari. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe aliyoijenga Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1866 na 1867 ili alaze wageni wake, wakati alipotaka kuufanya mji huu uwe wa maana. Mwongozaji alilijua boma lile vizuri, mpaka milango. Baada ya hapo Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front tuliyapita kama konda anayetaja vituo. Sikuumia. Hayo nayaona kila siku dirishani.

Kumbe hata Sanamu ya Askari, ile ya kumbukumbu ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, nilikuwa naiona tu, sijawahi kuitazama. Kwamba singe yake imeelekea bandarini, hilo nilikuwa nalo. Kwamba ilisimikwa 1927, pale ambapo Wajerumani walikuwa na sanamu ya Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao, nikalisikia siku hiyo. Lakini kilichonisimamisha ni maandishi yaliyo chini. Kiingereza kipo, na Kiswahili kipo kwa hati mbili: hii tunayoandika leo, na ya Kiarabu.

Bibi akasogea, akafuta miwani kwa ncha ya kanga, akaanza kusoma zile za Kiarabu. Alisoma kwa sauti ya madrasa, kidole kikifuata mstari hewani, anakwama, anarudi nyuma, anaunganisha. Daladala zinapiga honi, yeye hana habari. Alipomaliza akatugeukia: "Wamewataja na wapagazi. Wanasema walikuwa miguu na mikono ya jeshi." Mwongozaji akaongeza kwamba maneno yale yalitungwa na Rudyard Kipling, yule mwandishi wa Kiingereza. Nadhani hakuna aliyemsikiliza, wote tulikuwa tunamwangalia bibi.

Kutoka pale tukakata Mnazi Mmoja. Ule uwazi haukuachwa kwa ajili ya mikutano. Chini ya Waingereza ulikuwa mpaka, Uhindini upande huu, Waafrika upande ule. Tukatokea Kariakoo, na hapo mwongozaji akauliza jina limetoka wapi. Kimya. Ni Carrier Corps, akasema, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi eneo hili baada ya mji kutekwa 1916. Watu wakalitafuna neno mpaka likawa la kwao.

"Kumbe wale wa kwenye sanamu ndio hawa wa huku," bibi akasema.

Mimi viatu vyangu vyote nanunua Kariakoo. Sijawahi kujiuliza. Kwa nusu saa ile peke yake, 35,000 ile ilirudi.

Sasa malalamiko, maana yapo. Tulianza saa nne, jua limeshakaa sawa, na maji kila mtu kajinunulia. Mwongozaji alituambia jengo la soko ni la Mjerumani, mdogo wangu ikabidi amrekebishe: lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na lilifunguliwa 1975. Kosa la namna hiyo kwa mtu anayelipwa kusimulia, hapana. Magomeni, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere kabla ya Uhuru, tulipewa robo saa, ukitoa muda wa kupiga picha hubaki na kitu. Na magofu ya Kunduchi, yaliyokuwa kwenye ratiba, hatukuyaona kabisa. Foleni ilitushika Mwenge, dereva akageuza. Tuliahidiwa kupigiwa simu tupangiwe siku nyingine. Ni wiki ya tatu hii.

Nilienda mwenyewe Jumapili iliyofuata. Daladala ya Tegeta, unashuka Mtongani, unachukua bajaji. Kuna mabaki ya msikiti na makaburi katikati ya mibuyu, mengi ni ya karne ya 18 na 19. Baadhi yalipambwa kwa vyombo vya Kichina vilivyopachikwa ukutani, na vingi vimeshang'olewa. Niliingiza vidole kwenye tundu moja: chokaa bado imeshika mviringo wa kitako cha bakuli, laini kabisa, kama limetolewa jana.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Kama unaenda, chukua ile ya katikati ya mji hadi Kariakoo tu, usilipie ya siku nzima. Beba maji na kofia. Na ukiona kuna mzee kwenye kundi lako, tembea karibu naye.